Baiskeli ya mtumba inaniumiza goti na kunitia ganzi vidoleni: nianze na kiti, usukani au viatu?

MwendaIsyonje (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, salaam kutoka Uyole.

Ninatumia baiskeli ya barabarani ya mtumba, yenye gia na usukani uliopinda kuelekea chini, kwenda kazini mjini siku za wiki, na Jumamosi hupanda nayo barabara ya Tukuyu hadi Isyonje. Baiskeli yenyewe ni nzima: cheni ni mpya, breki zinashika na rimu hazijapinda. Kinachonisumbua ni mwili wangu nikiwa juu yake. Nikipanda mlima kwa muda mrefu, goti la kulia huanza kuuma kwa mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Nikigeuza na kuteremka kurudi Igawilo, kidole cha mwisho na kile kinachokifuata hufa ganzi katika mikono yote miwili, kiasi kwamba ninakuwa na wasiwasi kila ninapohitaji kubana breki. Kiti nacho kinanibana katikati, mahali ambapo mtu hapaswi kubanwa kabisa. Nilikivalisha kifuniko kinene cha sponji nikapata nafuu kwa muda mfupi, kisha hali ikarudi na kuzidi.

Sasa nimeona viatu vya kuendeshea baiskeli kwenye mitumba ya Mwanjelwa, vyenye soli ngumu na matundu ya boliti chini, na muuzaji ananihakikishia kwamba hivyo ndivyo vitakavyomaliza matatizo yangu. Kabla sijatoa fedha naomba kuelekezwa: je, nianze na kiti, nianze na usukani, au ninunue viatu kwanza? Nilijipima mguu kwa upande wa ndani, kutoka sakafuni hadi mapajani panapokutana, nikapata sentimita 84. Krenki, ile mikono inayobeba pedali, zimeandikwa 170, yaani milimita.

FundiWaKabwe (Mbeya)

Ndugu MwendaIsyonje, nakushukuru kwa kutaja hasa mahali panapouma, kwa sababu hapo ndipo fundi anapopata pa kuanzia. Baiskeli nyingi za mtumba zinazotufikia zilipangwa kwa mwili wa mtu mwingine aliyeko mbali, na sisi tunazipanda kama zilivyoshushwa kwenye kontena. Mtu anabadilisha tairi, anabadilisha cheni, anapaka grisi kila mahali, lakini kiti kinabaki palepale kilipoachwa na mwenye nacho wa kwanza.

Anza na kiti, na katika kiti anza na kimo chake. Maumivu ya mbele ya goti yanayokuja wakati wa kupanda mlima mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno, au kilichosogezwa mbele mno, kwa sababu goti linalazimika kusukuma likiwa bado limekunjwa sana. Kiti kilicho juu mno kina dalili zake tofauti: maumivu huwa nyuma ya goti, na nyonga huyumba kushoto na kulia kila pedali inapofika chini.

Chukua ile 84 uizidishe kwa 0.883, utapata sentimita 74 na milimita 2 hivi. Huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti, ukipima kwa kufuata mwelekeo wa bomba la fremu linalobeba kiti. Hesabu hiyo ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Ipo nyingine iliyotangulia, ya kuzidisha kwa 1.09, ambayo hupima kutoka juu ya kiti hadi kwenye ekseli ya pedali ikiwa chini: kwako inatoa sentimita 91 na nusu, na ukiondoa krenki yako ya sentimita 17 unabaki na 74 na nusu. Hesabu mbili tofauti zinakutana ndani ya nusu sentimita, na ndiyo maana ninaziamini kama mahali pa kuanzia. Mahali pa kuishia pataamuliwa na mguu wako mwenyewe.

Kwa hiyo hakiki kwa mguu. Iegemeze baiskeli ukutani, panda juu yake ukiwa na viatu unavyosafiria, weka kisigino juu ya pedali na uzungushe krenki kinyumenyume. Pedali ikifika chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande wowote. Ukirudisha sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, juu ya pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, kati ya digrii 25 na 35, na hapo ndipo panapotakiwa. Zingatia kwamba nimesema viatu unavyosafiria. Soli ya kiatu ni sehemu ya kipimo, na ukija kubadilisha viatu itakubidi ukipime kiti upya.

Usipandishe kiti kwa mara moja hadi kwenye kipimo kipya ikiwa tofauti ni kubwa. Panda milimita 5, safiri, usikilize mwili, kisha panda tena. Funga utepe wa gundi kwenye bomba la kiti pale lilipokuwa mwanzo ili uweze kurudi ukitaka. Na tafadhali tazama ule mstari uliochorwa kwenye bomba hilo kuonyesha kiwango cha mwisho cha kulivuta: ukionekana nje ya fremu, bomba ni fupi mno kwako, na linaweza kuvunjika au kuipasua fremu ukiwa kwenye mteremko wa Igawilo.

Baada ya kimo ndipo uangalie mbele na nyuma. Krenki zikiwa zimelala sawa na ardhi, muombe mwenzako ashushe timazi kutoka chini tu ya pia ya goti la mguu ulio mbele. Mwashi yeyote mtaani kwako atakuazima. Kamba ikipita karibu na ekseli ya pedali, upo pazuri. Ikipita mbele yake kwa mbali, rudisha kiti nyuma. Ujue pia kwamba bomba la kiti limelala kuelekea nyuma, hivyo kila sentimita moja unayopandisha hukirudisha kiti nyuma takribani milimita 3, na ndiyo sababu kimo hutangulia.

Jambo moja ninalolipinga kila siku hapa kazini ni watu kusogeza kiti mbele ili waufikie usukani. Kiti kinapangwa kwa ajili ya miguu. Usukani ukiwa mbali, urekebishwe usukani.

TibaYaViungo (Iringa)

Kamwene. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nami ni mwendeshaji ninayeufahamu vizuri mlima wa kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini. Nakubaliana na Fundi kuhusu kimo cha kiti na utaratibu wa kukipandisha kidogo kidogo. Kuna mambo mawili ambayo ningependa kuyasema kwa namna nyingine.

La kwanza ni timazi. Njia hiyo inasaidia kumweka mtu katikati ya masafa yanayokubalika, lakini hakuna sababu ya kimwili inayolazimisha goti liwe juu ya ekseli ya pedali. Wapo wanaoendesha baiskeli za kulala chali, ambapo goti halikaribii kabisa mstari huo, na magoti yao ni mazima. Mimi ningeangalia uzito. Ukiwa unakanyaga kwa nguvu ya wastani kwenye barabara tambarare, nyanyua viganja kidogo kutoka kwenye usukani bila kuinua mgongo. Ukiweza kukaa hivyo kwa muda mfupi bila kuangukia mbele, kiti kipo nyuma vya kutosha. Ukidondokea usukani mara moja, basi mikono yako imekuwa ikifanya kazi ya kiuno, na hapo tumeshaanza kuzungumzia ganzi ya vidole.

Vidole ulivyovitaja, cha mwisho na kinachokifuata, vinahudumiwa na neva moja inayopita kwenye kona ya kiganja upande wa kidole kidogo. Ukiegemea hapo kwa muda mrefu, hasa wakati wa kuteremka ambapo uzito wote unaelekea mbele na barabara inatikisa, neva hiyo hubanwa. Badilisha mshiko kila mara, viwiko viwe vimelegea, na kifundo cha mkono kinyooke badala ya kukunjwa kuelekea juu. Lakini chanzo kikubwa mara nyingi huwa kwenye kiti: kikiwa kimeinamishwa mbele, mwili unateleza na mikono ndiyo inayouzuia.

Hapa milima yetu ina neno lake. Barabara yenye mwinuko wa asilimia 8 huiinamisha baiskeli nyuma kwa digrii 4 na nusu hivi, hivyo kiti ambacho nyumbani kilikuwa sawasawa kwa pimamaji, mlimani kinakuwa kimeinua ncha yake ya mbele na kukubana pale ulipopataja. Wengi hujibu kwa kuinamisha ncha sana, na wakigeuza kuteremka wanalipa kwa mikono. Weka pimamaji juu ya kiti, anza kikiwa sawa kabisa, na ukihitaji kuinamisha isizidi digrii 1 au 2. Kile kifuniko cha sponji kitoe. Sponji nene hukubali mifupa miwili ya kukalia izame, na ikishazama, sponji ya katikati huinuka na kukandamiza nyama laini na neva za sehemu hiyo. Ganzi katika sehemu za siri haipaswi kuvumiliwa hata kidogo. Ukiipata, simama, shuka, na usirudi kwenye safari ndefu hadi kiti kirekebishwe.

La pili ni goti. Fundi amejibu kana kwamba magoti yote mawili yanauma, ilhali wewe umesema la kulia tu. Kiti kilicho chini huyaonea magoti yote. Likiuma moja, tafuta kisichofanana kati ya kulia na kushoto. Tazama kama ncha ya kiti imeelekea mbele barabara au imepinda upande. Kisha ondoa mguu, zungusha pedali ya kulia kwa kidole ukiitazama kutoka nyuma: baiskeli ya mtumba iliyowahi kuangukia upande huo huwa na ekseli ya pedali au krenki iliyopinda, na pedali huyumba kama sahani iliyopinda inapozungushwa mezani. Kila mzunguko, wayo wako unainamishwa na goti linafuata. Kama hapo kote ni sawa, mtu akupime urefu wa miguu. Na goti likivimba, likikwama, au likikuuma usiku ukiwa umelala, acha spana uende hospitali.

MamaWaMisitu (Mafinga)

Kaka MwendaIsyonje, pole kwa maumivu. Waliotangulia wamesema vizuri juu ya kimo cha kiti, nami naomba niongeze juu ya upana wake, kwa kuwa ndiyo habari inayotuhusu sana sisi wanawake na huwa haitajwi.

Kiti kinatakiwa kibebe ile mifupa miwili ya kukalia, na umbali kati ya mifupa hiyo hauonekani kwa kumtazama mtu. Mtu mwembamba anaweza kuwa na mifupa iliyo mbalimbali, na mnene akawa na iliyo karibu. Kwa wastani wanawake tuna umbali mkubwa kidogo kuliko wanaume, hivyo viti vyembamba vinavyokuja na baiskeli za mtumba vinatukalisha juu ya nyama badala ya mifupa. Kujipima ni rahisi. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya benchi gumu, kalia ukiwa umevaa nguo nyepesi, inamia mbele kama uko kwenye baiskeli na uinue visigino. Ukisimama utaona mashimo mawili. Yapake chaki, pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, halafu ongeza sentimita 2 au zaidi kidogo ukitafuta upana wa kiti. Anayekaa wima huhitaji kiti kipana zaidi kuliko anayeinama. Nenda na kipimo hicho kwa wauza vipuri, na usishangae ukigundua kwamba kiti chembamba na kigumu kinachokutosha ni starehe kuliko kipana chenye sponji kisichokutosha.

Kuhusu viatu, ningekusihi usivinunue kama dawa ya goti. Soli ngumu ina faida ya kweli kwenye milima: nguvu haipotei kwa soli kujikunja, na wayo hauchomwi na pedali sehemu moja. Vijaribu jioni, baada ya mguu kuvimba kwa kutembea, ukiwa na soksi zile nene tunazozivaa huku Juni na Julai. Vidole vitembee, kisigino kisinyanyuke. Kiatu kinachobana kwa upana kitakutia ganzi ya vidole vya mguu, na hilo hakuna marekebisho ya baiskeli yatakayolitibu.

Tazama pia matundu chini ya soli. Yakiwa mawili, kipande kinachonasa kwenye pedali ni kidogo na kinazama ndani ya soli, hivyo unaweza kutembea nacho. Yakiwa matatu, kipande ni kikubwa na kinajitokeza nje, na ukishuka sokoni utatembea kwa shida na kukimaliza. Pedali lazima iwe ya aina hiyohiyo. Mimi hupita na malori ya mbao kwenye barabara kuu, na huhitaji kutoa mguu kwa haraka lori linaponisogelea, kwa hiyo nilichagua ya matundu mawili bila kusita.

MwendaIsyonje

Ndugu Fundi, Mtaalamu na Dada yangu wa Mafinga, Mungu awabariki kwa muda wenu.

Kiti kilikuwa sentimita 70 na nusu, yaani chini ya kipimo kwa karibu sentimita 4. Nimekipandisha hatua kwa hatua na sasa kipo 73 na nusu. Pedali ya kulia nilipoizungusha iliyumba waziwazi, ekseli imepinda. Nimebadilisha pedali zote mbili kwa za kawaida za bapa. Goti limetulia sana. Nimetoa sponji na kuweka kiti sawa kwa pimamaji, na kule kubanwa katikati kumepungua. Vidole bado vinakufa ganzi, ingawa ni mwishoni mwa mteremko tu. Ninapojaribu kunyanyua viganja kama alivyoelekeza Mtaalamu, ninaweza kukaa. Ila nikishika juu ya breki, mikono imenyooka kabisa bila mkunjo kwenye kiwiko. Viatu vya Mwanjelwa ni vya matundu mawili na vinanienea. Naomba mnisaidie kuhusu usukani, na jinsi ya kufunga vile vipande chini ya kiatu.

FundiWaKabwe

Nimefurahi sana, na namshukuru Mtaalamu kwa kuliona suala la goti moja. Kwa hapo ulipofika, usukani sasa una haki ya kuguswa.

Mikono iliyonyooka kabisa ina maana usukani upo mbali au chini. Ulipopandisha kiti kwa sentimita 3, uliushusha usukani kwa kiasi hichohicho ukilinganisha na unapokaa, kwa hiyo sishangai kwamba ganzi imebaki. Kama juu au chini ya shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani kwa mbele, kuna pete zilizopangwa, zihamishie zote chini ili shingo ipande. Shingo nyingi pia zinaweza kugeuzwa juu chini, na iliyokuwa imeinamia ardhini ikaelekea juu bila gharama yoyote. Ikiwa bado unajinyoosha, tafuta shingo fupi zaidi: tofauti ya sentimita 1 au 2 inatosha, na wauza vipuri vya mtumba wanazo. Ukiilegeza, kumbuka kwamba boliti ya juu inakaza beringi za usukani tu, na zile za pembeni ndizo zinazobana shingo. Kaza ya juu kwanza hadi usukani usicheze lakini ugeuke kwa urahisi, kisha za pembeni kwa zamu. Mwisho, pandisha kidogo vishikio vya breki kwenye mzingo wa usukani ili kifundo cha mkono kinyooke, na kama vina skrubu ndogo ya kusogeza mkono wa breki karibu na vidole, itumie. Kwenye mteremko ule, breki inayofikiwa na vidole viwili bila kujinyoosha ni usalama.

Sasa kliti, ndivyo tunavyoviita vile vipande. Nunua pedali za SPD za Shimano au zinazolingana nazo. Mfumo huo wa matundu mawili ulianza mwaka 1990, na vipuri vyake vinapatikana kirahisi kuliko vya aina nyingine. Kwa kupita Mafiati na Mwanjelwa kwenye bajaji na daladala, chukua kliti zinazoachia mguu kwa kuuzungusha upande zaidi ya mmoja, na ulegeze springi ya pedali hadi mwisho mpaka uzoee.

Vaa kiatu, papasa kwa nje upate ule mfupa unaojitokeza nyuma ya kidole gumba, weka alama ya kalamu. Fanya hivyo upande wa kidole kidogo. Alama hizo mbili hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Ekseli ya pedali ipite kati yake, na kwa milima mirefu mimi huirudisha kliti nyuma kidogo kuelekea kisigino, kwa sababu inaupunguzia kazi msuli wa nyuma ya mguu na wayo hauungui. Kwa mwelekeo, kaa juu ya meza miguu ikining'inia, tazama vidole vinaelekea wapi vyenyewe, kisha uifunge kliti kwa kufuata hivyo, hata kama kulia na kushoto vitatofautiana. Usiulazimishe mguu unyooke mbele. Goti lako la kulia limeshateseka vya kutosha.

Paka grisi kwenye boliti, zikaze vizuri, halafu zikague tena baada ya safari ya kwanza kwa kuwa meno ya kliti huzama kwenye soli na boliti hulegea. Kisha pima kiti upya ukiwa na viatu hivyo. Kama soli pamoja na pedali mpya zimekupandisha au kukushusha milimita kadhaa, kiti kifuate. Jaribu kunasa na kunasua ukiwa umeegemea ukuta wa nyumba yako kabla hujaingia barabara kuu ya Uyole. Ukikwama popote, njoo na baiskeli, viatu, na soksi zilezile unazozivaa asubuhi.